Mzunguko Mmoja wa Kamba

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Najua inachekesha. Chama chetu cha mashua kina sharti moja tu la kujiunga, kwamba uwe umeshastaafu kazi yako, na kwa miaka tisa nilikuwa mtu wa pekee pale bwawani ambaye hakuruhusiwa kushindana. Wiki niliyotangaza kwamba naacha kazi ya fundi wa matanga, Mama Syombua, mwenyekiti wetu, aliniletea fomu ya uanachama. Bado sijairudisha. Nimeijaza kwa penseli na kuifuta mara mbili, ndiyo mjue mnarithi kazi kutoka kwa mtu wa aina gani.

Nawaandikia nyinyi wawili, Kioko na Mwikali, kwa kuwa sasa ufunguo wa banda uko kwenu na mimi niko Kibwezi nikishonea wakulima neti za kivuli. Sikupata kuwaambia kila kitu kwa mdomo. Mengine sikuweza.

Kazi yenyewe mnaijua kwa macho. Mashua saba za mbao, kila moja na tanga lake moja, kila moja na mzee wake. Jumamosi saa nane mchana upepo unaamka upande wa Makueni, unavuka bwawa kuelekea Kitui, na wazee wanashindana kuzunguka mitungi mitatu ya manjano ya lita ishirini iliyotiwa nanga kwa mawe. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga chombo cha majini hadi walipoaga kazi. Walikuwa walimu, wauguzi, madereva wa malori, na yupo aliyekuwa afisa wa polisi ambaye mpaka leo akigongwa na mashua nyingine huuliza nani shahidi. Watoto wao wanadhani wazee wamerukwa na akili. Kwa maoni yangu, mtu aliyeamka saa kumi na moja asubuhi kwa miaka arobaini ili kuwahi kengele ya wengine ana haki ya kugombana na upepo akitaka.

Siku yangu ya kwanza sikujua nimeanza kazi. Nilikuwa nashona sare za shule sokoni Kathonzweni, kwenye kibaraza cha duka la mbegu. Akaja mzee mwembamba aitwaye Nzioka na turubai la lori begani. Alikuwa amefanya kazi bandarini Mombasa maisha yake yote, akarudi nyumbani na mashua mbili juu ya lori na wazo ambalo hakuna aliyemwomba. Alitandaza turubai chini, akanichorea kwa chaki umbo la tanga, akaniambia atarudi Ijumaa.

Sikuwahi kuona tanga. Nilitazama video kwenye simu, sauti nikiwa nimezima kwa sababu hata hivyo lugha sikuijua, na nilichoona ni kwamba kitambaa chapaswa kuwa safi na imara. Basi nikafanya nilichojua kufanya vizuri kuliko mtu yeyote sokoni. Nilikata mistari iliyonyooka, nikashona mishono iliyonyooka, kisha nikalipiga turubai lote pasi ya makaa hadi likalala bapa kama ukurasa. Mishono ilipopinda unene wa uzi, nilifumua nikaanza upya. Mama yangu alipoulizwa na jirani ninashona nini usiku kucha, akasema matanga, na jirani akauliza nani amekufa.

Nzioka alilipandisha tanga langu siku hiyo ya Ijumaa. Upepo ulikuwa mzuri. Mashua ilikaa pale pale kama ng'ombe aliyekataa kuuzwa.

"Umenishonea kitambaa cha meza," akasema. Hakukasirika. Alinieleza kwamba tanga linahitaji tumbo. Upepo lazima upate mahali pa kukaa ndani ya kitambaa, la sivyo unapita tu.

Nililia njiani kurudi nyumbani, nikakaa siku nne bila kugusa mkasi. Kisha nikamkumbuka mama mmoja wa kwaya mwenye kifua kikubwa aliyewahi kunirudishia blauzi kwa sababu ilimbana. Blauzi ile niliirekebisha kwa kukata pembeni mkato uliopinda kidogo, halafu nikashona mkato huo uliopinda kwenye ukingo ulionyooka, na kitambaa kikajaa chenyewe mbele. Nikafanya hivyo hivyo kwenye turubai. Mkato wa vidole viwili katikati, ukififia kuelekea ncha. Mashua ikaondoka. Nzioka akaniuliza nimejifunzia wapi, nikasema kwaya.

Hili nawaachia kama kipimo: vidole viwili kwa mashua zetu, kamwe visiwe vitatu. Na msipige pasi.

Vyombo mtavikuta kwenye kopo la maziwa ya unga. Sindano zenye ncha ya pembe tatu ni nne, moja imepinda lakini msiitupe, inafaa kwenye kona. Kipande cha ngozi cha kuvaa kiganjani ni cha Nzioka, alinipa mwaka wa pili, akafariki wa tatu. Nta ni ya nyuki, nunueni kwa wale wanaouza asali ya Kitui, si ile ya mishumaa. Uzi upitishwe kwenye nta mara tatu. Mimi hupitisha mara saba, na sioni haya kusema kwamba nne ni za wasiwasi wangu tu.

Sasa nifike kwenye wasiwasi, kwa maana ndio sababu ya barua hii.

Nilikuwa na daftari lenye orodha ya mambo ishirini na sita ya kukagua kabla ya mashindano. Nililipitia mara tatu kwa kila mashua. Wazee walinisifu. Mama Syombua, ambaye alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati na hasifu ovyo, alisema hajawahi kuona mtu makini hivyo. Sikumwambia kwamba nyumbani hurudi kutoka barabarani kuangalia kama nimefunga mlango, nikifika barabarani nikarudi tena. Pale bwawani ugonjwa huo uliitwa bidii, na nilitaka uendelee kuitwa hivyo.

Nzioka aliniachia sheria moja ambayo niliidharau. Kwenye mashua zetu, anayeendesha ndiye anayepandisha tanga lake, na ndiye anayefunga kamba yake chini ya mlingoti, kwenye kile kibao chenye masikio mawili. Mizunguko mitano ya kupishana. Fundi anakagua kwa macho. Mikono ya fundi haigusi kamba ambayo mwendeshaji ameshafunga.

Mwaka wangu wa sita, Jumamosi moja ya upepo mkali, niliigusa.

Mashua ilikuwa ile ya kijani, Ndengu, na mwenyewe alikuwa Mwalimu Kilonzo, mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha jiografia hadi wanafunzi wake wakaleta watoto wao darasani kwake. Alikuwa na miaka sabini na moja. Yeye ndiye aliyenifundisha upepo baada ya Nzioka, kwa chaki, juu ya mlango wa banda, na nikikosea alinirudisha kwenye mstari wa kwanza. Siku hiyo alifunga kamba yake vizuri. Niliona. Mizunguko mitano, imara kabisa. Lakini mmoja ulikuwa umelala mshazari juu ya mwenzake. Haukuwa na kosa. Ulikuwa na sura mbaya tu.

Nikaifungua ili niilaze vizuri. Nilikuwa nimetoa mizunguko minne, umebaki mmoja, Mama Syombua alipoita maombi.

Mnajua tunavyoomba. Duara, kila mtu mkono wa mwenzake, macho yamefumbwa, hakuna anayebaki nje. Mama Syombua alikuwa karibu nami. Aliutoa mkono wangu wa kulia kwenye kamba, akaushika. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya mkono wa Mwalimu Kilonzo. Tuliombea upepo, tukaombea mvua, wajukuu walio na mitihani, na magoti. Maombi ya magoti huchukua muda. Ikasemwa amina, rimu ya lori ikagongwa kama kengele ya kuanza, na wote wakasukuma mashua majini. Mashua iitwayo Mbaazi ilikuwa imekwama kwenye tope, nikakimbia kuisukuma.

Kamba ya Ndengu nilikuwa nimeisahau kabisa. Kati ya mambo ishirini na sita, hakuna lililosema: rudisha ulichofungua.

Mzunguko mmoja ulishikilia hadi mtungi wa pili. Pale upepo hupiga kutoka kwenye pengo la kilima. Niliona tanga la kijani likishuka lote mara moja, ule mti wa juu unaobeba tanga ukamwangukia begani, na mashua ikapinduka. Boti yetu ya injini ya uokoaji ilimfikia haraka, jaketi la kuelea lilimweka juu. Alipoteza miwani na kupata jeraha la bega. Waliposema yuko salama, nilikaa chini kwenye mchanga.

Walimfunika leso, wakampa chai. Afisa mstaafu alishaanza kuuliza kamba ilifungwaje. Mwalimu akasema, "Nilifunga." Akanywa chai kidogo. "Nafikiri nilifunga."

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilinyamaza, na nitawaambia kwa nini, maana mtakuja kusikia sauti hiyo hiyo: nilijiambia kwamba yuko salama, kwamba hakuna atakayeumia zaidi, na kwamba pale ndipo mahali pekee duniani ambapo naonekana mtu anayefaa. Nikakunja matanga mengine sita. Niliyakunja vizuri sana.

Binti yake, Ndanu, ana duka la dawa katika mji wa Salama. Alikuja siku ile ile. Nilitegemea agombe, lakini aliongea taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimuuliza baba yake kama anakumbuka alichokula asubuhi. Kaka mkubwa wa Mwalimu alikuwa amekufa bila kuwatambua watoto wake, na kila mtu katika familia ile alijua ilivyoanza, kwa geti kuachwa wazi, kwa sufuria kuungua. Sasa kamba. Ndanu akamweleza Mama Syombua, kwa heshima, kwamba baba hatarudi kwenye mashua.

Nilinyamaza wiki tano.

Habari zake zilinifikia kwa vipande. Ameacha kuendesha gari. Ameacha kuongoza somo la Biblia, anasema ataruka mistari. Wiki ya tano nilikwenda kumsalimia na kikapu cha machungwa, nikijidanganya kwamba ni salamu tu. Jikoni kwake, juu ya mlango, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, mwandiko ule ule wa ubaoni: Gesi. Mfereji. Dawa. Geti.

"Unaona," akasema, "sasa mimi ndiye mwanafunzi."

Tukatoka kukaa kibarazani. Tulipofika mlangoni alisimama, akarudi kuangalia kama amefunga mfereji. Akaja. Akasimama tena, akarudi.

Mwendo ule niliujua. Ulikuwa wangu. Mtu huyu hakuwa na ugonjwa wa kaka yake hata kidogo. Alikuwa na wangu, na mimi ndiye niliyemwambukiza.

"Mwalimu," nikasema, "ile kamba ulifunga."

"Ndivyo nilivyofikiri."

"Hukufikiri. Ulifunga mizunguko mitano. Mimi nikaifungua."

Alinitazama kwa miwani mipya ambayo bado haikuzoea pua yake. "Kwa nini ufungue kitu kimefungwa?"

"Mmoja haukuwa umelala vizuri."

"Ati haukuwa umelala vizuri."

Akamwita Ndanu, aliyekuwa ndani akimpangia dawa. Alimwambia akae kwenye ngazi asikilize, kisha akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena na nisiache idadi. Nikasema: alifunga mitano, nikatoa minne, nikaacha mmoja, nikaitwa maombini, nikasahau, nikanyamaza.

"Wiki tano, Mwende," Ndanu akasema. "Nimempeleka baba hospitali mara mbili. Anaulizwa leo ni siku gani kama mtoto."

"Na nilijibu sawa," Mwalimu akasema.

Sikusamehewa siku hiyo, na nataka mjue hivyo. Mwalimu aliinuka kwa hasira, akaniambia niende nyumbani, hataki kuniona leo, ila Jumamosi anataka kuniona, mbele ya wote. Nilipofika getini nilisikia kitu kikichanwa. Sikugeuka, lakini naamini ilikuwa karatasi ya mlangoni.

Jumamosi nilisema yote mbele ya wanachama, nikampa Mama Syombua barua ya kuacha kazi. Nilikuwa nimeinakili mara tatu ili pasiwe na mkato. Aliisoma, akasema mwandiko ni mzuri, akanirudishia.

"Mimi ndiye niliyeutoa mkono wako kwenye kamba," akasema. "Miaka yote nikiwa nesi, hakuna mtu aliwahi kunivuta mkono nikiwa na sindano, hata kama ni kuomba. Mungu anaweza kungoja fundo lifungwe."

Afisa mstaafu alisimama kusema kwamba huruma ni nzuri lakini mtu nusura azame, na fundi asimamishwe Jumamosi mbili. Alisema kweli. Nilikaa Kathonzweni Jumamosi mbili nikishona kaptula, nikitazama upande upepo unakotoka.

Ni kutokana na siku hiyo mmeukuta utaratibu wetu ambao wageni huuona wa ajabu. Hakuna anayeita maombi hadi fundi asimame mbele ya mashua na kuinua mikono yote miwili, mitupu, wote waione. Mwikali, uliniuliza kama ni sehemu ya ibada. Hapana. Ni kuonyesha kwamba hujashika kazi ya mtu mwingine.

Niliporudi, Mwalimu Kilonzo alikuwa ameshapandisha tanga. Alifunga kamba akaniita niangalie. Niliweka mikono nyuma ya mgongo, nikainama. Mzunguko wa tatu ulikuwa umelala mshazari, mbaya kuliko siku ile. Nadhani alifanya makusudi. Nilihisi vidole vikiniwasha hadi kwenye viwiko.

"Sawa, Mwalimu," nikasema.

"Sawasawa?"

"Sawa tu."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu kibarazani. Alikuwa wa tano kati ya saba. Ndanu alisimama ukingoni muda wote ameshika mkoba kwa mikono miwili, na baba yake alipopita mtungi wa pili, alinishika mimi.

Alishindana miaka mitatu zaidi. Aliendesha gari lake mwenyewe kuja bwawani, akasahau kofia mara mbili na hakuna aliyesema neno. Wasiwasi wangu haukuisha. Nimejifunza tu kuupa kazi yake na kuunyima nyingine: uangalie, usiguse. Kuna Jumamosi unatii.

Msimu uliopita, Jumamosi moja ya mwishomwisho, alirudi ukingoni akabaki amekaa ndani ya mashua wenzake wakishuka. Nilimwendea. Nilifikiri bega. Akasema ni magoti. Mara mbili siku hiyo alitaka kuhama upande, na mara mbili yalichelewa kumjibu. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani aliousahihisha mwenyewe. Hii ndiyo ya mwisho, akasema.

Ndanu ndiye aliyebisha. Alimwambia amalize msimu angalau, zimebaki Jumamosi tatu, Baba, si umekuja mbali. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akampa mkono amsaidie kushuka. Kisha akanigeukia.

"Watu wakikuuliza kwa nini Kilonzo aliacha mashua, utawaambia nini?"

"Nitasema magoti, Mwalimu."

"Sema niliacha mwenyewe," akasema. "Na useme siku ya mwisho nilikuwa wa pili."